Ukumbi wa teatro juu ya galeri: shajara ya mradi, Lubumbashi

Mwezi wa 2, tunaanza

Mradi uko hivi: jengo la biashara katikati ya mji, chini maduka, etaje ya kwanza na ya pili ni biro (ofisi), ya tatu bado haijasimama, kuko dale tu, yaani sakafu ya zege, na vyuma vya nguzo vinatokeza juu. Mwenye jengo, yenye hapa nitamwita Papa juu (kwa sababu) hivo njo (ndivyo) namwitaga, alikuwa anataka sale (ukumbi) ya kawaida kama zote zenye ziko mu mji, plafo (dari) ya chini, vigae vya kung'aa, taa za rangi, Jumamosi ndoa, Jumapili kanisa. Halafu trupe (kundi) moja ya teatro ikaja kumuomba nafasi ya kufanya mazoezi katikati ya juma, akapiga hesabu yake haraka haraka, akaona ukumbi utalala toka Jumatatu mpaka Ijumaa, njo akaniita mimi arshitekti. "Arshi, unichoree kitu yenye itafanya yote."

Itafanya yote! Ukumbi wenye unaitwa wa kufanya yote mara nyingi haufanyi hata kimoja vizuri. Mchezaji anasema neno, linaenda kugonga vigae, kabla halijarudi la pili limeshatoka, watu wa nyuma wanapata kelele tu. Viti vyote viko kwenye sakafu moja kwa hiyo mtu wa mstari wa tano anaangalia shingo ya mtu wa mstari wa nne. Taa ni za harusi, mwanga sawasawa kila pembe, hakuna namna ya kuzima upande wa watu ukaacha upande wa mchezo. Na juu ya yote klima (mashine ya kupoza hewa) inanguruma.

Tokea siku ya kwanza nilimwambia Papa kwamba hapa hatutanunua mashine ya kubadilisha ukumbi. Kuna majumba yenye yanafanya hivo, Wyly Theatre kule Dallas, ya mwaka 2009, balkoni zinavutwa juu na mota mpaka sakafu inabaki wazi, kazi nzuri sana, lakini nyuma yake kuko mafundi wa kila siku, vipuri, na umeme wenye haukatiki. Sisi kitu kikiharibika asubuhi, inafaa sudere (fundi wa kuunganisha vyuma) wa Katuba, hapa hapa mjini, akitengeneze mchana, na jioni mchezo uendelee. Sakafu ya kulala sawa, vipande vyenye watu wanabeba kwa mikono, milango mikubwa, na mahali pa kuviweka. Hayo mengine yote ni mapambo.

Naandika hapa kila kitu chenye tunaamua na sababu yake, juu anjenia, sudere, fundi wa umeme na watu wa trupe wanaingia mu mradi kila mmoja kwa saa yake na kila mmoja anauliza swali lile lile.

Juma lile lile: nguzo

Gridi ya jengo, yaani mpangilio wa nguzo, ni mita 6 kwa 6, kawaida ya majengo ya maduka, na hiyo gridi ni adui wa kwanza wa teatro. Ukiweka ukumbi etaje ya kwanza, karibu na watu, karibu na parking, vizuri sana, lakini nguzo zinasimama katikati ya mchezo na huwezi kuzitoa, juu kila moja inabeba etaje zote za juu yake. Kuitoa ni kuweka putre (boriti) kubwa ya kuhamisha uzito wote pembeni, bei yake ingemaliza bajeti ya viti, taa na sono (vyombo vya sauti) pamoja.

Kwa hiyo tunapanda juu kabisa. Kwenye etaje ya mwisho nguzo haibebi kitu kingine zaidi ya paa. Ukumbi wetu ni mita 18 kwa 12, yaani mule ndani kulikuwa na nguzo mbili za katikati, hizo mbili zinaishia kwenye dale, na juu yake tunaweka sharpanti (fremu ya paa) ya chuma ya kuruka mita 12 bila kugusa chini. Kimo chini ya chuma ni mita 6 na nusu. Kimo cha duka, mita 3 na kitu, hakitoshi, taa zinakuwa kwenye macho ya mchezaji na kivuli cha pua yake kinafika kidevuni.

Sasa uzito. Biro huwa zinahesabiwa kwa kilo 250 hadi 300 kwa mita mraba, watu waliosimama wanacheza ngoma inafaa kilo 500. Tumebahatika, plani ya zamani ilisema hii etaje itakuwa magazini ya kuweka mizigo, anjenia wa wakati ule alihesabu 500, na wa leo amehakikisha vyuma vyenye viko ndani. Swali lingine ni mtikisiko, juu watu wakiruka pamoja wanapiga sakafu kama mara mbili kwa sekunde, na sakafu laini ya chuma ingeanza kuitikia. Beto (zege) ya mita 6 ni ngumu, anjenia hana wasiwasi nayo.

Mwisho wa mwezi wa 2: Papa anataka mifano

Ni mfanyabiashara, anataka kujua nani mwingine alifanya hivi na alipata nini. Haki yake.

Nikamletea Chicago. Auditorium Building, ilifunguliwa 1889, Adler na Sullivan njo walichora. Ukumbi wa watu zaidi ya 4,000 umekaa ndani kabisa, hoteli na biro zimeuzunguka, na hesabu yao ilikuwa hoteli na biro ndizo zibebe ukumbi. Tena dari ina vipande vyenye bawaba, vinashuka vinafunga balkoni za juu, siku yenye watu si wengi ukumbi unapunguzwa mpaka karibu 2,500. Wanafikiria hivo mwaka 1889! Papa akatikisa kichwa, akaandika "hoteli" kwenye karatasi yake, nikaogopa.

Halafu New York. Mwaka 1967 mji ule uliweka sheria kwenye mtaa wa majumba ya teatro: ukijenga mnara wa biro ukaweka teatro ndani, unaruhusiwa kuongeza mita za sakafu, mpaka asilimia 20 zaidi. Ndio sababu teatro ya Minskoff, ya mwaka 1973, iko ndani ya mnara, watu wanapanda eskaleta kwanza. Mwaka ule ule Tokyo, kule Shibuya, duka kubwa la Parco lilifunguliwa likiwa na teatro etaje za juu, watu wa teatro wanapita katikati ya nguo na viatu wakienda na wakirudi. Hapo njo Papa aliamka.

"Sasa mairi (meya) ya hapa atanipa mi etaje ya bure?"

"Hapana, Papa. Lakini watu watapita mbele ya maduka yako."

Akacheka. Kwa wenye wanasema mji wetu haujui mambo haya: teatro ya mji ilijengwa miaka ya 1950, Claude Strebelle alichora, leo ni Jengo la 30 Juin na wabunge wa jimbo wanakaa mule. Hiyo nayo ni kubadilika, ila ya upande mmoja. Viti vyenye vinaangalia mbele vinafaa mchezo, vinafaa hotuba, lakini ndoa inataka meza, keki na nafasi ya kucheza, na kwetu ndoa njo italipa umeme.

Mwezi wa 3: mvua

Leo tulikuwa juu na anjenia, mvua ikaanza. Tukakimbia chini ya kibanda cha mlinzi, mabati matupu, mita mbili kwa tatu. Anjenia alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, naona mdomo unaenda, sisikii hata neno. Mlinzi yeye amezoea, anatuonyesha kwa mkono tukae. Dakika nzima tumeangaliana hivo. Nikasema ndani ya roho, basi, hii ndiyo paa yenye walikuwa wanataka kuweka juu ya teatro.

Huku mvua inakaa toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, wa 4 bado inarudi rudi, huwezi kusema tutacheza kiangazi peke yake. Paneli za sandwichi zenye wanauza sasa, bati mbili na povu katikati, zinasaidia joto, kelele hazizuii sana juu ni nyepesi, na sauti inazuiwa na uzito. Tumeamua hivi: bati juu, chini yake nafasi ya sentimita 20 yenye sufu ya mawe, halafu plako (mbao za jasi) mbili zilizobandikwa pamoja, zimening'inizwa kwenye mpira ili chuma kisipitishe mtetemo. Plako mbili ni karibu kilo 20 kwa mita mraba, mara mita mraba 216, ni zaidi ya tani 4. Nimemwambia anjenia leo leo, kabla hajafunga hesabu ya sharpanti. Nyumba nyingi hapa dari ya sauti inafikiriwa baada ya paa kufungwa, na hapo chuma hakiwezi kubeba tena, wanaweka povu jepesi, wanapaka rangi, na mvua inaendelea kusema peke yake.

Uzito wa taa nao umeingia mule mule. Mabomba manne ya kutundikia taa, kila moja mita 11, na anjenia ameandika kwa kila bomba kilo ngapi, itapakwa rangi kwenye ukuta watu wa harusi wasome kabla ya kutundika maua yao na sanduku za sono.

Mwezi wa 3: trupe

Tumekaa na watu wa trupe kwenye galeri, mbele ya duka la simu, viti vya plastiki. Mimi nilikuja na plani ya jukwaa refu mbele na viti nyuma, kawaida. Mama mwenye anaongoza trupe aliiangalia kidogo tu. "Hapa batu batatuangalia kama televizio. Shiye tunataka tubasikie banapumua."

Ana sababu. Teatro ya Kiswahili ya mji huu haikutokea kwenye jukwaa la rido (pazia) nyekundu. Groupe Mufwankolo, wenye redio na televisheni ziliwafanya wajulikane Katanga yote, walikuwa wanatunga mchezo kwa kuzungumza pamoja, bila karatasi, na mtu wa kawaida mbele yao anajua kabisa huyu mzee anamwiga nani. Mchezo wa namna hiyo unataka watu wawe karibu, pande mbili au tatu, mwanga kidogo uwafikie ili mchezaji awaone.

Kwa hiyo plani tatu. Ya kwanza watu mbele, jukwaa mita 12 kwa 6, viti mistari 11. Ya pili watu pande tatu. Ya tatu njia katikati ya ukumbi na watu wanaangaliana, hii njo mama aliipenda, na kumbe njo inafanana na harusi, njia ya bibi harusi ni ile ile! Papa naye akaipenda kwa sababu zake.

Kuona. Tumepiga hesabu ya macho, mstari hadi mstari sentimita 90. Jicho la mtu wa nyuma inafaa lipite juu ya jicho la mtu wa mbele kwa sentimita 12, ikikosekana basi 6. Mistari miwili ya kwanza iko chini, inayofuata tukiipandisha sentimita 20 kila mmoja, mtu wa mwisho akiangalia magoti ya mchezaji anabakiwa na sentimita 2, ni kusema haoni. Tukipandisha 30 tunafika karibu 6, na viti tukivipishanisha, kila mtu anaangalia kati ya vichwa viwili, inakuwa vizuri. Mstari wa mwisho unakaa mita 2 na 70 juu. Inafaa sana. Mstari mmoja ni viti 16, juu sheria za Ufaransa zenye tunafuata hazitaki zaidi ya 16 kati ya njia mbili. Kumi na sita mara 11 ni 176.

Mwezi wa 4: vita ya depo (stoo)

Tuko kwenye jambo lenyewe sasa.

Ngazi za viti tunazifanya na pratikable, vipande vya mita 2 kwa 1, tubu ya chuma na kontreplake (plaiwudi), miguu ya kubadilisha kimo. Inafaa kama 44. Sudere ameleta kimoja cha kujaribu, kilo 35 kwenye mizani. "Bantu babili banabeba, hapana mambo," anasema, na yeye mwenyewe akakiinua na kijana wake, wakakigeuza hewani, wakakiteremsha bila kelele. Nilisimama juu nikaruka, nikaita Papa naye aruke, akakataa. Miguu ilikuwa na mlio kidogo pale bomba linaingia ndani ya bomba, chuma kwa chuma, kwenye mchezo wa kimya hiyo inaua. Sudere akakata tairi ya ndani ya baiskeli, akafunika bomba, mlio ukaisha.

Vizuri. Halafu Ijumaa usiku mchezo umeisha, Jumamosi saa nane ndoa inaingia. Hivyo 44 vinaenda wapi? Vikipangwa 11 kwa 11 ni mafungu manne ya kimo cha mita 1 na kidogo. Viti 176 vikipandana kumi kumi ni mafungu 18. Meza za duara za harusi, mita 1 na 80, kama 13. Rido. Taa zenye zimeshushwa. Nafasi ya mtu kupita na kigari. Nilichora nikapata gridi moja nzima, 6 kwa 6, mita mraba 36, imegusana na ukumbi, mlango wa mita 2 na 40, sakafu ya kimo kile kile bila hata kizingiti.

Papa aliangalia plani muda mrefu.

"Arshi, hapa nilikuwa naweka butiki."

"Ni depo, Papa."

"Mi nilikuomba sale. Sasa viti bitanilipa loye (kodi)?"

Tumezungumza juu ya hizo mita 36 kuliko tulivyozungumza juu ya paa, taa na milango kwa pamoja. Alileta wazo la kuweka vitu chini kwenye garaji. Lakini hatuna asanseri (lifti) ya mizigo, ni etaje tatu za ngazi, pratikable 44 kushuka na 44 kupanda kila juma, vijana wa kubeba watalipwa, mara ya tatu wataanza kuvitupa, mara ya nne meneja wa ukumbi atasema bwana, tuviache tu chini, na teatro imekufa hapo, hakuna mtu aliyeiua. Nimeona kumbi mbili tatu hapa mjini zenye zilianza na jukwaa la kutolewa, leo jukwaa limekaa pale pale daima na maua ya plastiki juu yake, juu hakuna pa kuliweka.

Nikamwambia ahesabu hivi: butiki etaje ya tatu nyuma ya ngazi itapata mpangaji wa bei ya chini, tena wa miezi. Depo ikiwepo, ukumbi unageuzwa na vijana sita ndani ya asubuhi moja, unauza Ijumaa mchezo, Jumamosi ndoa, Jumapili kanisa. Depo isipokuwepo, anauza siku moja kati ya hizo. Alichukua plani akaenda nayo nyumbani.

Kwa vitu vikubwa, dekori na piano ya kanisa kama itakuja, tumeweka mlango nyuma ya jengo, mita 2 kwa 2 na nusu, na palan (mashine ya kuinua mizigo) ya kilo 500 kwenye chuma chenye kinatoka nje ya ukuta.

Mwezi wa 4: sauti

Ukumbi mtupu wa beto wenye kipimo hiki, mita kyubu kama 1,400, ukipiga hesabu mwangwi wake unakaa karibu sekunde 9. Kwa maneno tunataka sekunde 1, isizidi. Kwaya na kanisa wanataka zaidi kidogo, 1 na nusu hivi, ikiwa kavu sana waimbaji wanasikia wako peke yao. Na harusi yenyewe inakuja na sono kubwa, hiyo inataka ukavu tena.

Hesabu ni ile ya Sabine, Mmarekani wa Harvard, yeye mwaka 1895 alipewa sale ya masomo yenye haisikiki, akaenda kuazima mito ya viti kwenye teatro ya jirani, akawa anaipanga usiku na kuhesabu mwangwi unapungua namna gani. Mito ya viti na sikio lake. Kila leo tunatumia kazi yake: 0.161 mara ukubwa wa ukumbi, gawa kwa unyonyaji wa sauti. Kwa sekunde 1 tunahitaji unyonyaji wa mita mraba 226, kwa 1.4 inatosha 161, katikati kuko tofauti ya 65. Watu wenyewe 176 wanaleta karibu 80, dari ya vitundu inaleta nyingine, na ile 65 ya tofauti njo rido. Mita 24 za ukuta, kimo mita 4 na nusu, rido nzito yenye mikunjo, kwenye reli. Teatro unaivuta yote, kwaya unaisukuma ndani ya sanduku lake kwenye pembe. Mtoto wa shule anaweza kuifanya.

Mwezi wa 4: kiberiti

Rido yenye mikunjo inakula kitambaa mara mbili, zaidi ya mita mraba 200, bei si mchezo. Papa akaleta kipande cha veluru toka soko, kizuri, rangi ya divai, bei nusu. Mimi nilikuwa na kipande cha moletoni cheusi chenye karatasi ya M1, yaani kile chenye hakishiki moto kirahisi. Tukaenda nyuma ya jengo, kwenye kokoto, tukaning'iniza vyote viwili kwenye waya, nikaweka kiberiti cha gesi chini ya kimoja kimoja.

Cheusi kilifanya doa, kikatoa moshi kidogo, nikaondoa kiberiti, kikazima chenyewe, tundu la ukubwa wa sarafu. Cha divai kilisubiri kidogo, kama hakitaki, halafu moto ukapanda wote mara moja, na matone yakaanza kuanguka chini yakiwa bado yanawaka, tik, tik, juu ya kokoto. Mlinzi akakimbia na ndoo. Papa hakusema kitu. Jioni akatuma ujumbe: agiza cheusi. Kitapita Kasumbalesa, mpakani, kama vitu vingine vyote, tutangoja.

Mwezi wa 5: milango

Hapa sikubali mjadala. Iroquois Theatre, Chicago tena, tarehe 30 mwezi wa 12, 1903: zaidi ya watu 600 walikufa, milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani, watu wakabanwa pale pale. Ile fimbo ya kusukuma kwenye milango ya dharura ilienea baada ya msiba huo.

Yetu: milango miwili, kila mmoja mita 1 na 40, pande mbili tofauti za ukumbi, inafunguka kwenda nje, kila mmoja na ngazi yake mpaka barabarani, si mpaka galeri, juu galeri usiku inafungwa na magriye (mageti ya vyuma). Hiyo ngazi ya pili Papa alitaka iishie ndani ya galeri apunguze beto. Hapana. Kwa hesabu ya Ufaransa mlango kama huo unapitisha watu 200, miwili 400, lakini tumeandika mwisho ni 250, juu usiku wa ngoma mlango mmoja unaweza kuzibwa. Papa alikuwa anataka 500 kwenye karatasi ya kukodisha. Tumeandika 250 kwenye plani, kwenye kontra ya kukodisha, na itachorwa kwenye ukuta.

Na kufuli hapana. Mlinzi anasema watu wataingia bila tiketi. Waingie.

Mwezi wa 5: umeme na hewa, haraka haraka

Taa za zamani, PAR za wati 1,000, 24 ni kilowati 24, grupu (jenereta) kubwa, joto kubwa, klima kubwa. LED za wati 200 ni chini ya 5. Tumechukua LED. Grupu inakaa chini kabisa upande wa barabara kwenye msingi wake peke yake, mbali na ukuta wa jengo, na taa za njia za kutokea zina betri zao juu delestaje (kukatwa umeme) haitoi habari kabla ya kuja.

Hewa: mtu aliyekaa anatoa joto la karibu wati 100, watu 176 ni kilowati 17 na zaidi. Lubumbashi tuko mita 1,200 juu, usiku kuna ubaridi, mwezi wa 6 na wa 7 watu wanakuja na makoti. Kwa hiyo mabomba mapana ya hewa ya taratibu, feni iko nje ya ukumbi. Klima za split za ukutani hapana, hata kama rafiki yake Papa anaziuza.

Mwezi wa 5: choki kwenye dale

Tumechora ukumbi wote kwa choki pale juu, kipimo chake kamili. Kanisa la jirani limetuazima viti. Trupe ilikuja saa kumi, jua limeshuka, tukapanga plani ya tatu, njia katikati, watu wa maduka wakapanda kuangalia.

Mama wa trupe alitembea njia yote mpaka mwisho, akasimama, akasema kitu kwa sauti ya kawaida, bila kupaza. Muuza-simu aliyekaa mstari wa nyuma akamjibu! Hawakupanga. Watu wakacheka, akaendelea naye, wakagombana bei ya kitu chenye hakipo kwa muda mzuri. Nje, bila paa, bila rido, hiyo haitupi habari ya sauti, lakini ya umbali inatupa: mtu wa mwisho alikuwa karibu kutosha kuingia mu mchezo. Njia ilikuwa mita 3, mama ameomba mita 2 na nusu, tumefuta tukachora tena.

Halafu tukabadilisha kwenda harusi. Meza hatukuwa nazo, tuliweka duara za choki. Watu 130 wanakaa na nafasi ya kucheza inabaki. Kitu kimoja kilionekana pale na hakikuonekana kwenye karatasi: wanawake wa jikoni watapita wapi na sinia? Mlango wa depo ulikuwa njia yao ya karibu, na depo siku ya ndoa imejaa pratikable. Tumehamisha mlango wa jikoni upande wa ngazi ya pili, mita 4 kushoto.

Mwisho wa mwezi wa 5

Papa amerudisha plani. Ameweka sahihi, depo imebaki, 36 nzima. Sudere ameanza kukata tubu, anjenia amefunga sharpanti na zile tani 4 ndani, paa inafaa iwe imesimama kabla ya mwezi wa 10. Bei ya mabomba ya hewa bado haijafika.

Pembeni ya sahihi Papa ameandika kwa kalamu nyekundu: ukuta wa depo wenye unaangalia ngazi, tutoboe dirisha la kuuzia sukre (soda) na bia siku za mchezo. Nimekubali, mita 2 upana, friji iingie kwa mbele isikule nafasi ya viti.